Ubora wa bomba la sindano huanzia kwenye plastiki

MZAZI wa Sironga, Kaunti ya Nyamira, anapompeleka mwanawe kuchanjwa akitimiza wiki sita, macho yake huwa kwenye sindano. Ni nadra kuitazama plastiki iliyobeba chanjo hiyo.

Hata hivyo, usalama wa mtoto hutegemea pia aina ya plastiki hiyo, jinsi ilivyoyeyushwa na jinsi viini vilivyouawa kabla ya bomba kufungwa.

Zamani mabomba yalikuwa ya kioo, yakichemshwa na kutumiwa tena. Ya plastiki yalikusudiwa kutumika mara moja, lakini mahali pengi yaliendelea kurudiwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2000 pekee, sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, na wengine 260,000 virusi vya Ukimwi kote duniani.

Tayari mnamo 1999 shirika hilo, pamoja na UNICEF na UNFPA, lilikuwa limehimiza kwamba kufikia mwisho wa 2003 chanjo zote za sindano zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe. Pistoni ya bomba kama hilo ikivutwa mara ya pili, hukwama au huvunjika.

Sehemu kubwa ya bomba hutengenezwa kwa polipropilini. Plastiki hii haiingiliani kwa urahisi na dawa, ni ya bei nafuu, na hupitisha mwanga wa kutosha kumwezesha muuguzi kuona mapovu ya hewa.

Kiwandani, punje za plastiki huyeyushwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ambamo hupoa na kuganda.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Plastiki isipojaza kalibu, bomba hutoka na pengo. Ikipenya kwenye maungio ya kalibu, huacha utando mwembamba unaoweza kukatika na kuingia katika dawa. Ikipoa bila usawa, bomba hupinda na pistoni huvuja. Moto ukizidi, plastiki hudhoofika.

Kasoro ndogo ina uzito. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga ni mililita 0.05 tu. Bomba likipanuka kidogo, au alama za vipimo zikichapwa kando, mtoto hapati kipimo sahihi.

Plastiki iliyookotwa majaani na kuyeyushwa upya, inayofaa ndoo na mabeseni, haikubaliki kwa kazi hii, kwa kuwa haijulikani ilibeba nini wala ilichanganywa na nini.

Njia ya kuua viini nayo huamua plastiki itakayotumika. Mionzi ya gama hufanya polipropilini ya kawaida kuwa dhaifu, na bomba laweza kupasuka miezi kadhaa baadaye. Gesi ya ethilini oksaidi haiharibu plastiki hiyo, lakini ni sumu, hivyo bidhaa lazima zipunge hewa hadi gesi iishe.

Hakuna plastiki inayofaa kila kazi. Mifuko ya damu huhitaji PVC iliyolainishwa. Kilainishi cha DEHP husaidia chembe nyekundu kudumu, lakini huchujukia ndani ya damu, jambo linalozua wasiwasi hasa kwa watoto wachanga.

Viwango vya kimataifa vya ISO 7886 hupima uvujaji na ulaini wa pistoni, na ISO 10993 hupima iwapo kifaa hudhuru mwili. Nchini Kenya, vifaa vya matibabu husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kenya pia ni mtengenezaji. Kiwanda cha Revital Healthcare, Kilifi, hutengeneza mabomba yanayojifunga yaliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Umuhimu wa viwanda vya aina hiyo ulidhihirika mnamo 2021, India ilipozuia kwa muda uuzaji wa mabomba ng'ambo, na UNICEF ikaonya kuhusu uhaba wa hadi mabomba bilioni 2.2.

Mkaguzi wa mwisho ni anayefungua pakiti. Ikiwa imetoboka, imelowa, haina nambari ya shehena au muda wake umepita, bomba hilo halifai. Mzazi naye ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake.