Nani Alichunga Ng'ombe Kilosa? Mifupa Inajua

Machi 1871 msafara wa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na punda. Masika yaliukuta katika tambarare ya Mkata, ambayo leo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na nyingine imeenea hadi chini ya milima ya Kilosa, mkoani Morogoro. Maji yalikuwa yamejaa kila mahali. Punda wakafa mmoja baada ya mwingine, na wengi hawakufika Ugogo. Tunayajua hayo kwa sababu Stanley aliandika kitabu. Wapagazi wake hawakuandika, wala hawakuandika Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ambao nchi yao ilipitiwa na misafara ya biashara. Walichokula, walichofuga na walichowinda kimebaki kwenye majalala yao, chini ya udongo.

Kuna elimu ya kuyasoma majalala hayo, nayo ni akiolojia ya wanyama. Wataalamu wake huchekecha udongo, huokota hata kipande cha mfupa kisichozidi ukucha, kisha hukilinganisha na mifupa ya wanyama wanaojulikana. Jino humwambia mtafiti mnyama alikufa akiwa na umri gani. Kama madume mengi yalichinjwa machanga na majike yakaachwa yazeeke, kuna uwezekano mkubwa kwamba mifugo ile ilitunzwa kwa ajili ya maziwa. Mkwaruzo wa kisu ni mwembamba na umenyooka. Meno ya fisi huacha mashimo na mifereji. Kazi hii ina ugumu wake. Mbuzi na kondoo hutatiza hata macho yaliyozoea, na kipande cha mfupa wa ng'ombe kinaweza kudhaniwa cha nyati. Siku hizi protini ya kolajeni iliyobaki ndani ya mfupa husaidia kutenganisha jamii za wanyama wa namna hiyo.

Kwa nini haya yawahusu watu wa Kilosa? Kwa sababu ya mbung'o, inzi anayeambukiza ng'ombe na watu maradhi.

Mwaka 1977 Helge Kjekshus, msomi wa Norway aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kilichotikisa historia ya mazingira ya Tanganyika. Watawala wa kikoloni walizoea kusema kwamba mapori yenye mbung'o yalikuwepo tangu asili, na Mwafrika aliishi humo akiwa mateka wa maradhi. Kjekshus alilikataa hilo. Alisema kabla ya miaka ya 1890 wanavijiji walikuwa wamelidhibiti pori: walilima, walichoma nyasi, walichunga, na mbung'o akabaki mbali na mazizi. Kisha ikaja sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikateketeza ng'ombe, zikafuata njaa, ndui, funza na vita vya ukoloni. Watu wakapungua, vichaka vikarudi, na mbung'o akarudi navyo. Mzungu aliyefika baadaye akakuta nyika yenye wanyamapori, akaamini ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Naiona hoja hiyo kuwa nzito, ila ina pengo. Mashahidi wake wengi ni wasafiri waliopita njia kuu na kuandika walichokiona wakiwa na haraka, na mara nyingi wakiwa wagonjwa. Jalala halina haraka. Kama vijiji vilivyokuwa kando ya mto Mkondoa mwaka 1850 vilikuwa na ng'ombe wengi, mifupa itasema. Kama walikuwa wachache na nyama ilitoka porini, itasema pia.

Tayari tunaona jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Thomas Biginagwa, mwanaakiolojia Mtanzania, alichimba makazi ya zama za misafara katika bonde la Pangani, yakiwemo Ngombezi na Korogwe ya zamani, na mwaka 2012 alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kwa kutumia mabaki ya wanyama. Aliuliza biashara ya pembe za ndovu na ulishaji wa misafara viliwabadilisha vipi wenyeji, na akakuta mifupa ya mifugo, ya wanyamapori na ya samaki. Njia ya kati, ile ya Bagamoyo kupitia Kilosa na Mpwapwa, ilibeba misafara mikubwa mno na inastahili jicho lilelile. Kwamba eneo hili lina historia ndefu hakuna shaka: huko Dakawa, kwenye bonde la Wami, Randi Haaland na mwenzake Msuya walieleza mwaka 2000 makazi ya wafua chuma wa milenia ya kwanza waliotumia vyungu vinavyofanana na vya pwani.

Ukiendelea na barabara ya Mikumi hadi kupanda mlima Kitonga, unafika Iringa kwenye pango la Magubike. Huko Frank Masele na Pamela Willoughby wamechunguza mifupa ya Zama za Mawe za Kati, wakifuata mikono ya binadamu katika mawindo ya wakati ambapo hakukuwa na ng'ombe wa kufugwa hata mmoja katika Afrika Mashariki.

Mikumi yenyewe ina nafasi ya pekee. Barabara kuu ya kwenda Zambia imeikata hifadhi katikati, na magari huua wanyama, ndiyo maana mabango ya faini yamesimama pale. Mizoga hiyo, badala ya kuachwa ipotee, ingesafishwa na kuwa maktaba ya mifupa ya kufundishia wanafunzi wetu. Simba nao wana somo: huko Tarangire, Agnes Gidna na wenzake walichunguza jinsi simba wanavyokula mawindo na alama wanazoacha mifupani, ili alama za kale zisisingiziwe binadamu.

Suala la nani alichunga wapi si la kitaaluma tu Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo kila upande umekuwa na historia yake ya kusimulia. Mfupa wa karne ya 19 haumpi mtu hatimiliki ya shamba, na mtafiti atakayeutumia hivyo atakuwa amefanya dhuluma. Ila unaweza kuonyesha kwamba kulima na kufuga viliwahi kukaa katika kijiji kimoja, au kwamba havikukaa, na ni nini kilichovitenganisha.

Kuna kikwazo kimoja cha kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hasa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Jalala la kambi ya misafara ya 1871, au la kijiji kilichopoteza ng'ombe wake kwa sotoka, liko nje ya mstari huo mpaka waziri atangaze vinginevyo. Reli ya kisasa imekwishapita Kilosa na mahandaki yake, mashamba yanapanuka, na Mkondoa hufurika na kumega kingo zake. Mwaka huo wa 1863 unapaswa kusogezwa mbele, angalau hadi mwanzo wa karne ya 20, kabla majalala hayo hayajalimwa yote.