Bunduki ya Samaki Pwani: Utamu Wake, Noma Zake na Mbona Ilipigwa Marufuku

Ukiwa Mayungu au Kuruwitu na usikie kijana akisema ameenda kupiga bunduki, usishtuke ukaanza kutafuta namba ya polisi. Hii bunduki haina risasi wala baruti. Ni ya kupiga samaki, na pengine yule pono uliyekula na wali wa nazi wikendi ndiye alipigwa nayo.

Mambo iko hivi. Mvuvi anachukua kipande cha mbao, anakichonga mfereji juu wa kulaza chuma chembamba kilichonolewa, kisha anafunga mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu ya gari. Chuma kina kijino kwa ncha ili samaki asichomoke, na kamba ili kisipotee. Unavuta mpira mpaka unase, unazamia na miwani, unalenga, unafyatua. Haifiki mbali, ni mita chache tu, so lazima umsogelee samaki kabisa. Fundi wa kuitengeneza mara nyingi ni mvuvi mwenyewe.

Tuanze na uzuri wake, maana upo. Kwanza ni doo. Dau, injini na nyavu si vitu vya kijana aliyemaliza shule juzi na hana kazi. Bunduki haitaki chambo, haitaki petroli, haitaki kuajiriwa na tajiri wa chombo halafu mgawane mwisho wa siku. Unaogelea ndani ya mwamba, unarudi na mboga. Ndiyo maana ukiangalia wanaoitumia, wengi ni vijana.

Pili, inachagua. Juya likivutwa linabeba kila kitu, mpaka samaki wadogo ambao hata paka angewadharau. Mtu wa bunduki anamwona samaki kabla ya kumpiga. Akiwa mdogo, anamwacha. Na hakuna wavu wa kukatika ubaki chini ukiendelea kuua miezi na miezi. Hapo, kusema ukweli, wavuvi wanaolalamika kuhusu marufuku wako na point.

Lakini shida inaanzia hapo hapo kwa kuchagua. Wewe ukiwa chini na pumzi inaisha, utampiga nani? Utampiga mnono, asiyekimbia mbali, anayekaa karibu na mawe. Huyo mara nyingi ni pono, na wakati mwingine kikande. Sasa sikiza kazi za hawa wawili. Pono anakwangua mwani kwenye matumbawe kwa yale meno yake kama mdomo wa kasuku, na bila yeye mwani unafunika mwamba mpaka matumbawe machanga yanakosa pa kushika. Kikande naye anakula wale wanyama wa miiba mirefu myeusi unaowakanyaga ukipiga kelele. Wakizidi hao, wanatafuna mwamba wenyewe. Ukiondoa pono na kikande, umefuta kazi mafundi na walinzi siku moja.

Hii si stori ya vijiweni. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Watafiti waliolinganisha zana za uvuvi za Kenya na Papua New Guinea, kwa utafiti uliotoka 2009, walikuta bunduki ndiyo inaongoza kwa kuvua wale samaki ambao mwamba unawahitaji ili upone. Malema yalifuata. Mshipi ulikuwa na madhara madogo zaidi. Ongeza wale wanaoenda usiku na tochi, wakati pono amelala fofofo kwenye shimo lake. Hapo hakuna mashindano, ni kuokota tu. Pia kuna kusimama juu ya matumbawe na kuyavunja kwa chuma ukimtafuta pweza.

Kisheria je? Serikali iliipiga marufuku mwaka 2001, pamoja na juya. Kwa hivyo ukishikwa nayo, usijitetee eti unavua wa kula nyumbani. Na ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, huruhusiwi kuvua kwa zana yoyote, hata mshipi wa mtoto. Lakini marufuku bila kumpa kijana njia nyingine ni kumwambia aende akafanye usiku, mahali hakuna wa kumwona akizama.

Na kuzama ndiko watu hawakuongelei vya kutosha. Kuna mtindo wa kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzamia ili ukae chini zaidi. Acha huo mchezo. Unapunguza ile hewa chafu mwilini ambayo ndiyo hukupa kengele kwamba pumzi imeisha. Kengele haipigi, unazimika ukiwa karibu kufika juu, bila maumivu, bila kupiga kelele. Anayezamia chochote, hata kome, asizamie peke yake: mmoja chini, mmoja juu anaangalia.

Upande wa Malindi kuna shida nyingine. Mto Sabaki ukishajaa, maji ya ghuba yanakuwa rangi ya chai ya maziwa na huoni hata mkono wako, sembuse samaki. Kusi nayo ikivuma, bahari inachafuka. Maji safi ni ya kaskazi, so hata mwenye bunduki kali ana miezi ya kukaa bure.

Kama unauliza mbadala, mshipi bado unalisha watu, na kuna malema yaliyoachiwa mianya pembeni ili samaki wadogo watoroke. Hayo yamejaribiwa pwani hii na yanafanya kazi. Kuruwitu nao, mwaka 2005, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao bila kungoja serikali iwalazimishe. Wengi waliwaona wazimu, kwani nani anajinyima mboga? Samaki walirudi, wakaanza kuvuka nje ya mpaka hadi kwenye mishipi ya wale wale waliocheka, na 2017 wakapata tuzo ya kimataifa ya Equator Prize.

Ukienda huko kuogelea na miwani, angalia chini polepole. Yule samaki wa kijani na buluu anayekwangua jiwe mpaka unasikia kabisa mlio wa meno, ndiye pono.