Kutoka Pango la Maneno hadi Chumba Cheupe: Nafasi ya Lugha katika Mchezo wa Fumbo

Wahakiki wa fasihi wamekuwa wazito kuukubali mchezo wa video katika uwanja wao, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mchezo hauna lugha ya kuhakikiwa. Historia haiungi mkono dai hilo. Mchezo wa fumbo unaotazamwa kwa nafsi ya kwanza, yaani kwa macho ya mchezaji mwenyewe bila umbo la mhusika kuonekana, una asili yake katika maneno matupu, ambayo baadaye uliyapunguza hatua kwa hatua kwa muda wa karibu miaka 40. Swali la kihakiki, basi, si iwapo lugha imo, bali ni lini inasema: kabla ya tendo, wakati wa tendo, au baada yake.

Mwanzoni ilisema kila kitu. Will Crowther, mtaalamu wa tarakilishi wa Marekani aliyekuwa pia mchunguzi wa mapango, aliandika Adventure katikati ya miaka ya 1970, akichora kwa maneno sehemu ya pango la Mammoth lililoko Kentucky. Don Woods, akiwa Stanford, aliupanua mchezo huo mwaka 1977. Skrini haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alielezwa mahali aliposimama, naye akaamuru kwa neno moja au mawili: aelekee kaskazini, achukue taa. Sehemu yake mashuhuri ni msukosuko wa njia za chini ya ardhi ambazo maelezo yake yanafanana neno kwa neno, hata mchezaji hana budi kuangusha vitu alivyobeba, kimoja katika kila chumba, ili ajue alikopita. Hili ni fumbo la usomaji hasa, kwani maneno yaliyopaswa kumwongoza msomaji ndiyo yanayompoteza.

Picha ilikuja kuyapokonya maneno kazi hiyo. Katika Myst, mchezo wa mwaka 1993 wa ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, mchezaji anajikuta peke yake kisiwani. Hapewi maagizo, hafuatwi na adui, na hakuna saa inayomharakisha. Lugha imehamia ndani ya vitabu vilivyomo katika maktaba ya kisiwa: vingine vimeungua, vingine ni milango ya kuingilia ulimwengu mwingine, na viwili vimewafunga ndugu wanaoomba kurasa zao, kila mmoja akimchongea mwenzake. Nakala zaidi ya milioni 6 ziliuzwa. Ni ajabu kidogo kwamba mchezo uliosifiwa kwa picha zake ulikuwa, kwa undani, kisa cha kuamua ni kitabu cha nani cha kuaminiwa.

Portal, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2007, ulikihamisha kisa hicho kutoka kitabuni hadi kwenye sauti. Chimbuko lake ni Narbacular Drop, kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen ya mwaka 2005. Vyumba vya majaribio ni vitupu na vya kijivu, na mchezaji anatoboa njia ukutani kwa chombo maalumu huku akisikiliza mashine iitwayo GLaDOS. Mashine hiyo inamsifu, inamwahidi keki na kumdanganya. Msimulizi asiyeaminika si mgeni kwa wasomaji wa riwaya. Jipya hapa ni kwamba anayedanganywa ndiye anayetenda, na uongo unafichuka kwa miguu yake mwenyewe.

Hatua iliyo na uzito zaidi kwa mwanafasihi, hata hivyo, ni Antichamber ya Alexander Bruce wa Australia, iliyotoka Januari 2013. Kuta zake ni nyeupe, mistari ya pembe ni myeusi, na rangi hujitokeza kwa uchache. Mchezaji anaanzia katika chumba ambamo mlango wa kutokea unaonekana ng'ambo ya kioo tangu dakika ya kwanza, lakini haufikiki. Kuna ngazi mbili, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na zote zinamrudisha palepale. Anayegeuka nyuma ndiye anayepata njia. Kitufe ambacho katika michezo mingine huita orodha ya machaguo kinamrudisha chumba cha mwanzo, kwa hiyo kushindwa hakumgharimu chochote ila muda.

Njiani kuna vibao vyenye mchoro na usemi mfupi wa hekima, na kwa kawaida kibao huonekana baada ya tukio. Semi hizo zikisomwa peke yake ni za kawaida, pengine hata chapwa. Ni ushauri wa aina inayopatikana katika kalenda. Zinapata nguvu kwa sababu mchezaji amekwisha kuzunguka ngazi mara tatu kabla ya kuelezwa alichokuwa akifanya. Mikusanyo mingi ya methali imefanya kinyume chake: methali, maana, matumizi, kwa mpangilio wa alfabeti, bila tukio lolote la kuzaa kauli. Mwanafunzi anajibu mtihani vizuri, lakini hajapata kuhitaji methali hata mara moja.

Kitendawili nacho kinatofautiana na Antichamber kwa jambo moja. Hadhira inayoshindwa humpa mtegaji mji, naye hufumbua. Jamii imeweka njia ya heshima ya kusalimu amri. Bruce hakuweka mtu wa kupewa mji. Kibao husema baada ya mchezaji kutenda, na aliyekwama hubaki na ramani yake ukutani.

Kazi hiyo haikosi dosari. Mchezaji anapopata bunduki ya kusogezea vijiwe vya rangi, mafumbo yanageuka kuwa ya ufundi, na semi zilizokuwa zikitafsiri uzoefu zinaanza kuonekana kama mapambo. Jonathan Blow, katika The Witness ya mwaka 2016, alivitenga vitu hivyo viwili kabisa. Sarufi ya mafumbo ya kisiwa chake inafundishwa kwa vibao vya kuchorea mstari bila neno moja la maelezo, kila kibao kikimsahihisha msomaji wa kilichotangulia. Maneno yamo, lakini yamewekwa katika vinasa sauti vilivyotawanywa kisiwani, vikitoa nukuu za wanasayansi na wanafikra, na mchezaji anaweza kufika mwisho bila kusikiliza hata kimoja.