Wamama wa Uhuru Park na amri ya "rudini nyumbani"

Jina la Wangari Maathai wengi wetu huku Kivu tunalijua kwa sababu ya miti. Tunasikia kwamba ni mama wa Kenya aliyepanda miti mpaka akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hiyo ni kweli. Lakini leo, wasikilizaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya siku chache za mwaka wa 1992 ambapo hakushika mche wowote mkononi. Alikuwa ameketi chini katika bustani ya jiji la Nairobi pamoja na wamama wazee, mablanketi yao, na hesabu ya wafungwa 52.

Naandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu wahami, mlio kambini na mlio katika familia za mapokezi, kwa sababu kuna neno katika habari hii ambalo ninyi mnalijua kuliko mimi ninayeliandika: "Rudini nyumbani."

Kwanza tukumbuke mwaka wenyewe. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazazi wetu hawajausahau. Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Mkutano mkuu wa taifa, ambao watu waliutumainia kuondoa udikteta wa Mobutu, ulikuwa umefungwa mwezi wa kwanza na waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond. Siku ya Mungu tarehe 16 mwezi wa pili 1992, wakristo wa Kinshasa walitoka katika parokia zao wakaandamana kuomba mkutano ufunguliwe tena. Walishika misalaba, Biblia na matawi. Askari wakawapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa nne.

Siku kumi na mbili baada ya damu ile ya Kinshasa, siku ya Ijumaa tarehe 28 mwezi wa pili, wamama wa Kenya walienda kuonana na mwanasheria mkuu wa serikali yao, Amos Wako. Hakuna aliyewapangia wakristo wa Kinshasa na wamama wa Nairobi wafuatane hivyo. Ila upepo ulikuwa mmoja. Vita baridi ilikuwa imekwisha, wafadhili wa Ulaya na Marekani hawakuwa tena na haja ya kufumba macho, na watu walikuwa wamechoka. Kule Kenya, Rais Daniel arap Moi alikuwa amekubali vyama vingi mwezi wa kumi na mbili 1991, shingo upande.

Na hapo ndipo swali la wamama lilipotoka. Watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu ya kuipinga serikali ya chama kimoja, au kwa kushukiwa tu kwamba wanaipinga. Baadhi yao walipita katika vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, ambamo watu waliteswa. Sasa vyama vingi vimeruhusiwa na kila mtu anaweza kuanzisha chama chake. Je, mtoto wangu anabaki gerezani kwa kosa gani? Ni swali jepesi, hata mtoto wa shule ya msingi angeliuliza. Serikali haikuwa na jibu.

Mmoja wa wamama hao alikuwa Monica Wangu Wamwere. Mwana wake, Koigi wa Wamwere, aliwahi kuwa mbunge, akafungwa bila hukumu zaidi ya mara moja, akakimbilia Norway, kisha mwaka wa 1990 akakamatwa tena na kushitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Pamoja naye walishitakiwa mawakili wawili, Rumba Kinuthia na Mirugi Kariuki. Huyu mama hakuwa mwanasiasa. Wengi wa wenzake pia walikuwa watu wa vijijini, wenye umri wa bibi zetu. Walimwendea Maathai wakamwomba awasindikize.

Kwa nini yeye? Kwa sababu alikwisha kuonyesha kwamba anaweza kusimama mbele ya Moi, na alisimama palepale Uhuru Park. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kujenga ndani ya bustani hiyo ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Maathai akaandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa wageni waliotarajiwa kutoa pesa, akiuliza kama mtu angekubali kujenga jengo la namna hiyo katika Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Wabunge walimtukana. Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba mwanamke Mwafrika wa kweli huheshimu wanaume na kunyamaza. Lakini wenye pesa waliogopa, na ghorofa haikujengwa.

Kwa mtu asiyefika Nairobi: Uhuru Park ni uwanja mkubwa wa majani wenye ziwa dogo, pembeni ya katikati ya mji. Ulifunguliwa kwa umma mwaka wa 1969. Siku ya Mungu familia huja na watoto, bila kulipa kiingilio. Tajiri ana bustani yake nyumbani, maskini ana hiyo. Ndiyo sababu ghorofa lile liliwauma watu, na ndiyo sababu wamama waliichagua.

Mwanasheria mkuu aliwapokea wamama akawaambia waende nyumbani, serikali itaangalia jambo lao. Wao wakajibu kwamba watamngojea hapo karibu, bustanini, siku tatu, mpaka watoto waachiliwe. Walikuwa wamekwisha kubeba vitu vyao vya kulalia. Usiku ule wa kwanza walilala nje.

Kilichofuata, nadhani serikali haikukitegemea. Watu wa mji walianza kuja. Wengine walileta chakula na maji, wengine walikuja kuangalia tu, kisha wakabaki. Hema likasimikwa. Kona ile ya bustani ikapewa jina la Freedom Corner, yaani kona ya uhuru. Na watu waliowahi kuteswa wakaanza kusimama mmoja mmoja mbele ya umati na kusema walivyotendewa.

Hapa niruhusuni niseme kama mtu wa redio. Kenya wakati ule ilikuwa na redio moja tu, ya serikali. Mtu aliyetoka Nyayo House hakuwa na mahali pa kusema. Kuna waliokaa miaka bila kumweleza hata jirani. Sasa, chini ya hema, mbele ya mama ambaye mwana wake yuko ndani bado, ulimi ukafunguka. Mimi naona hilo ndilo lililowatisha wakubwa kuliko kitu kingine. Wamama wachache waliolala kwenye majani hawaangushi serikali. Lakini mahali ambapo watu wanakuja kila siku kusikiliza ushuhuda, hiyo tayari ni redio.

Siku ya Jumanne, tarehe 3 mwezi wa tatu, polisi walikuja. Waliwaamuru watu waondoke. Wamama wakashikana, wakaimba, wakabaki. Ndipo yakarushwa mabomu ya gazi ya kutoa machozi, virungu vikafuata, na hema likaanguka. Maathai alipigwa akazimia, akapelekwa hospitali.

Tusifiche kilichotokea katikati ya moshi ule, maana ndicho kinachokumbukwa mpaka leo. Baadhi ya wamama wazee walivua nguo. Walisimama uchi mbele ya polisi, wengine wakionyesha matiti yao. Kuna wageni walioandika kwamba ilikuwa kichaa au hasira tu. Sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Mzee yeyote wa kwetu atakuambia maana yake: mwanamke mwenye umri wa kukuzaa akikuonyesha uchi wake kwa makusudi, amekulaani. Anakuambia, umenipiga mimi niliyezaa watu kama wewe, basi tazama ulikotoka. Wale polisi walikuwa vijana, nao walikuwa na mama. Wengi waligeuza nyuso.

Hata hivyo bustani ilitolewa watu. Sasa fuateni vizuri, maana sehemu inayofuata haielezwi sana. Wamama hawakufungwa gerezani. Walipakiwa katika magari ya serikali na kupelekwa vijijini kwao. Kwa macho ya serikali, hiyo ilikuwa njia ya upole: kila mmoja amerudishwa nyumbani kwake, ana paa, ana shamba, shida imekwisha.

Lakini nyumbani kuna nini? Nyumbani kulikuwa na kitanda cha mtoto asiyekuwepo. Mama hakwenda bustanini kwa kukosa paa. Alikwenda kwa sababu paa lake halikuwa na mtu aliyemtafuta. Ukimrudisha pale bila mtu huyo, umemrudisha kwenye kitu kilekile kilichomtoa. Anayetoa amri hiyo huhesabu watu waliopakiwa na shitingi zilizokunjwa, halafu anaandika katika ripoti yake kwamba wote wamerudi.

Najua ni nani ananisikiliza. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 kambi za pembeni mwa Goma, Bulengo, Lushagala na nyingine, zilibaki tupu ndani ya siku chache, watu wakiambiwa warudi vijijini. Kambi ya wahami si maandamano, na sitaki kuchanganya mambo mawili. Hakuna aliyekwenda Bulengo kwa ajili ya siasa, watu walikimbia mabomu. Lakini swali la mama wa Nairobi na swali la mama aliyerudi akakuta nyumba imechomwa ni ndugu. Nirudi nyumbani gani?

Wamama wale walirudi, kweli. Ila walirudi Nairobi. Mmoja mmoja, wakapanda magari tena, wakaikuta bustani imezungukwa na polisi. Basi wakavuka barabara. Ng'ambo ya Uhuru Park kuna kathedrali ya Waanglikana, All Saints. Mkuu wake, Peter Njenga, akawafungulia sehemu ya chini ya kanisa. Wote walifikiri ni kwa siku chache. Wakakaa karibu mwaka mzima.

Mwaka mzima chini ya sakafu ya kanisa, hebu fikirieni. Ninyi mliolala katika vyumba vya shule na makanisa mnajua harufu yake, mnajua foleni ya choo, mnajua jinsi mwenye nyumba anavyochoka hata kama ni mtu wa Mungu. Polisi walilizunguka kanisa. Wamama waligoma kula mara kwa mara. Watu waliendelea kuja kuwasalimu na kusali pamoja nao, na mapadri wa pale walipaswa kuchagua kila juma upya kama watawaweka au watawatoa. Hawakuwatoa.

Katika hesabu yangu, wamama walikuwa na vitu viwili ambavyo virungu haviwezi kuvunja. Cha kwanza ni majina. Hawakudai "haki" kwa jumla, walidai watu 52, mtu na jina lake na gereza lake. Serikali inaweza kujibu neno "haki" kwa hotuba. Jina la mtu linajibiwa kwa kumfungulia mlango, au kwa kukataa mbele ya watu. Cha pili ni ule mlango wa ng'ambo ya barabara. Bila kanisa lile, sidhani kama tungekuwa tunaizungumza tarehe 3 leo. Mara nyingi tunasimulia ushujaa wa waliopigwa na kuwasahau waliowapokea. Huku kwetu, familia iliyogawa chumba kimoja na wahami kumi na wawili haimo katika kitabu chochote cha historia.

Wafungwa walianza kuachiliwa wachache wachache mwaka uleule. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1992, na Moi akashinda, maana wapinzani walikuwa wamegawanyika. Hilo nalo tunalijua. Lakini mwanzoni mwa 1993 wote 52, isipokuwa mmoja, walikuwa nje. Koigi alitoka mwezi wa kwanza, na mama yake akapanda kutoka chini ya kanisa.

Haikuwa mwisho mzuri wa sinema. Kabla mwaka wa 1993 haujaisha, Koigi alikamatwa tena kwa mashitaka mengine, na ilichukua mpaka mwisho wa 1996 ndipo alipoachiliwa kwenda kutibiwa nje ya nchi. Mwaka wa 1997 polisi waliingia ndani ya kathedrali ileile na kuwapiga waliokuwa wakisali kwa ajili ya mabadiliko ya sheria. Vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa watu waone mwaka wa 2003, Moi akiwa amekwisha kutoka madarakani. Na Wangari Maathai alipofariki mwezi wa tisa 2011, serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Jeneza lake lilipitishwa Uhuru Park, likawekwa kwenye ile kona.