Kutafuta na Kupambanua

Ghala lisilo na mpangilio halimfai mwenye njaa. Ndivyo intaneti ilivyokuwa hapo mwanzo: maarifa yalikuwamo, lakini mwenye haja nayo hakujua yalipo. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyesoma Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitunga programu iliyoitwa Archie. Programu hiyo iliorodhesha majina ya mafaili tu. Yaliyoandikwa ndani haikuyasoma. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha Google. Wao walihesabu viungo: ukurasa ulioelekezewa njia na kurasa nyingi nyingine ulipewa cheo cha juu.

Zingatia maana yake. Kuelekezewa njia na wengi ni dalili ya sifa, wala si hakika ya ukweli. Jibu lililotangulia huenda likawa na kosa.

Tuseme mwalimu amekuuliza reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka gani. Ukiandika “reli” peke yake, utaletewa reli za dunia nzima. Andika “reli ya Uganda kufika Kisumu”, nawe utakaribia mwaka 1901. Kisha uliza: Nani kaandika? Lini? Kwa ushahidi gani? Linganisha kurasa kadhaa, lakini kumbuka kwamba kurasa kumi zilizonakiliana ni shahidi mmoja.

Kutafuta ni kazi ya chombo; kupambanua ni kazi yako.