Miche 62 na Watu Wasiohesabiwa: Habari Inayostahili Tuzo Huanzia Wapi?

Miezi michache iliyopita nilifika Kwashemshi, wilayani Korogwe, kumjulia hali mzee wa ukoo wetu aliyeumaliza ujana wake katika mashamba ya mkonge. Nilimweleza kwamba baadhi ya wanafunzi wangu wanataka kuwa waandishi wa habari, na kwamba kila mwaka waandishi bora hutunukiwa tuzo. Akaniuliza, "Hao wanaopewa zawadi, wanakuwa wameandika nini?" Nikampa jibu la darasani: utafiti, usahihi, maadili. Akanitazama, kisha akasema, "Basi mbona huku hawafiki?"

Swali hilo nimerudi nalo Dar es Salaam, na leo najaribu kulijibu kwa njia ya historia.

Mkoa wa Tanga si mgeni wa magazeti. Wamisionari wa Magila, Muheza, walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili tangu miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 likachapishwa mjini Tanga gazeti la Kiongozi. Mkoa huohuo ndio uliokuwa kitovu cha mkonge. Vitabu vyetu vinasimulia kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Wanafunzi wameikariri takwimu hiyo. Lakini ukiwauliza juu ya manamba, yaani wanaume walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka, wakapewa namba na kipande badala ya jina, wengi hunyamaza. Miche ilihesabiwa mmoja mmoja na ikaingia katika historia. Watu walipewa namba na wakasahauliwa.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Habari inayostahili tuzo ni ile inayowarudishia majina watu waliogeuzwa namba, na kisha kuuonyesha mkono uliowageuza.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Mwaka 1993 Stan Katabalo, akiandika katika gazeti la Mfanyakazi, alifichua jinsi eneo la Loliondo lilivyogawiwa kwa ajili ya uwindaji kwa afisa wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Hapakuwa bado na tuzo kubwa za kitaifa za kumvutia. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, EJAT, zinazoratibiwa na Baraza la Habari, zilianzishwa mwaka 2009. Katabalo alifariki mwaka huohuo wa 1993, lakini mjadala wa Loliondo aliouanzisha haujafungwa hadi leo. Kazi ilitangulia tuzo.

Mfano wa pili ni wa redio, ila somo ni lilelile. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akaenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, ili kuthibitisha biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha, ikambidi ajifiche. Mwaka 2010 taasisi ya kimataifa ya wanahabari wanawake, IWMF, ilimtunuku tuzo ya ujasiri.

Wa tatu unatoka mbali. Mwaka 2015 waandishi wa shirika la AP waliwakuta wavuvi waliokuwa wakitumikishwa kama watumwa huko Benjina, Indonesia. Hawakuishia kuandika masikitiko. Waliifuata shehena ya samaki kwa meli na malori mpaka kwenye maduka ya Marekani. Zaidi ya watu 2,000 waliachiwa huru, na mwaka 2016 kazi hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer.

Ukizipima kazi hizi tatu, utaona zinafanana katika mambo matatu. Mwandishi alikwenda, hakusubiri taarifa ya msemaji. Alithibitisha, hakutegemea chanzo kimoja. Na aliunganisha maumivu ya mtu wa chini na uamuzi wa mtu wa juu. Lugha nzuri husaidia, lakini haijawahi kuziba pengo la ushahidi.

Hata hivyo, tusiziabudu tuzo. Palipo na kundi la tuzo la mada fulani, makala za mada hiyo huongezeka. Pasipo na kundi wala mfadhili, huwa kimya. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na malipo hayo hayatoshi nauli ya kurudi kijijini mara tatu. Tena tunayo tuzo iliyozaliwa na msiba: Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012. Mwaka 2016 askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Leo jina la Mwangosi limekuwa jina la tuzo. Taifa linalowaenzi waandishi wake makaburini halina budi kujiuliza linawafanyia nini wakiwa hai.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, msianze kwa kusoma masharti ya kushiriki. Anzeni kwa kumfuata mkata mkonge tangu alfajiri, mhesabu naye matita, msome karatasi yake ya malipo, kisha mzifuate zile nyuzi mpaka bandarini na kwa mnunuzi. Nanyi watumishi wa umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu mwaka 2016. Jalada mnalolifungua kwa mwandishi mwaminifu ni nusu ya habari yake.

Nikirudi Kwashemshi, nataka nimjibu mzee kwa kumsomea gazeti lenye jina lake.