Msunguti: Sumu ya Mshale Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Mtu atokaye Malindi akashika njia ya magharibi, akaiacha minazi na miembe ya pwani nyuma yake na kuingia katika nyika ya miiba na vumbi jekundu iendeleayo hata Tsavo, huenda akapumzika katika kivuli cha mti mfupi wenye majani mazito yasiyopukutika kwa kiangazi, na maua meupe yanukiayo mfano wa yasmini, asijue ya kuwa ameegemea mauti. Waswahili huuita mti huo msunguti, au msungu; Wagiriama husema mutsungu, na Wamasai olmorijoi. Matunda yake yakiiva huwa ya zambarau iliyokoza, na watu huyala, hasa wakati wa dhiki. Yakiwa mabichi yana sumu. Na magome, mizizi na mbao zake ndizo zilizochemshwa katika vyungu kupata sumu ya mishale kwa muda wa karne ambazo hakuna aliyezihesabu.

Sumu hiyo ilikuwa kazi ya mafundi, wala si kila mwenye uta aliyeweza kuitengeneza. Vipande vya mti vilichemshwa kutwa nzima, maji yakachujwa na kuchemshwa tena, hata yakabaki mabaki mazito meusi mfano wa lami, ndiyo yaliyopakwa nyuma ya chembe ya mshale. Kisha mahali palipopakwa pakaviringishwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda huo ulikuwa na faida mbili: kuihifadhi sumu isikauke na kupoteza nguvu, na kumlinda mwenye podo asije akajichoma mwenyewe. Miongoni mwa Wagiriama walikuwako mafundi walioiuza kwa makabila mengine, na katika wanunuzi wao mashuhuri walikuwa Waata, ambao majirani huwaita Waliangulu, wawindaji wa tembo ambao uta wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta. Namna ya kuipima ilikuwa ya ajabu: fundi alijikata kidogo mkononi, akaiacha damu itiririke, kisha akaigusisha sumu mwishoni mwa mchirizi, akitazama weusi unavyopanda kuelekea jeraha, na kwa kasi ya weusi ule alijua kama kazi yake imefaulu, akaifuta damu kabla weusi haujafika kidondani.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza, iweje mnyama aliyeuawa kwa sumu kali namna hii aliwe nyama yake na watu wasidhurike? Jibu lake ni kwamba sumu hii ikipita tumboni haiingii katika damu ila kwa kiasi kidogo sana, lakini ikiingia kwa njia ya jeraha hupelekwa moja kwa moja hata moyoni. Basi wawindaji waliikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, wakala iliyobaki. Kwa maarifa hayo watu wa bara walikula, na kwa maarifa hayo hayo walifanya biashara. Sehemu kubwa ya pembe walizozileta Wakamba Mombasa katika karne ya 19, zamani za mfanyabiashara Kivoi, zilitoka kwa tembo walioangushwa kwa mshale, na pembe hizo zilivuka bahari kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani.

Wazungu waliisikia habari ya sumu za mishale zamani, walakini aliyeionja ni John Kirk, na aliionja bila kukusudia. Kirk alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, uliodumu toka mwaka 1858 hata 1864. Huko, na katika nchi ya mto Shire, aliona watu wakitumia sumu waliyoiita kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao, ambao si msunguti bali ni jamaa yake katika ukoo wa mimea. Alitia kidogo katika mfuko uliokuwa na mswaki wake. Na siku moja, alipopiga mswaki, alisikia uchungu usio wa kawaida mdomoni, akapima mapigo ya moyo wake akayakuta yamepungua. Mwingine angalisukutua akashukuru Mungu. Kirk aliifikiri sana ajali ile, na habari yake ikachapishwa katika kitabu cha msafara mwaka 1865. Mwaka uliofuata aliletwa Unguja, ambako baadaye alikuwa balozi wa Waingereza, na jina lake limeandikwa katika historia yetu kwa sababu ya mkataba wa mwaka 1873 alioutia sahihi Sultani Seyyid Barghash wa kufunga soko la watumwa. Lakini habari ya mswaki ni wachache waijuao.

Sumu ya kombe ilifika Edinburgh mikononi mwa Profesa Thomas Fraser, aliyeichunguza kwa subira ya miaka mingi. Aliona ya kuwa, kabla ya kuua, kiasi kidogo chake huufanya moyo mchovu kujikaza kwa nguvu zaidi; na mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake ya kuwa kitu kilichomwangusha nyati chaweza kumwinua mgonjwa. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akapata kiini safi cha sumu ya jamaa wa msunguti aotaye katika nchi ya Wasomali, akakipa jina la wabaini, lililotokana na neno la Kisomali, waabaayo, yaani sumu ya mshale. Kisha mwaka 1905, mjini Strasbourg, tabibu Albert Fraenkel akaanza kuidunga dawa ya kombe katika mshipa wa damu wa wagonjwa wa moyo, na watu waliokuwa wakihema kwa tabu, miguu imevimba na midomo imekuwa ya samawati, wakapata nafuu kwa muda mfupi. Njia ya mshipa ilikuwa ni ile ile ya mshale, ila kwa kipimo.

Hapa sina budi kusimama kidogo. Huko Uingereza ilikuwako dawa ya namna hii hii, itokayo katika majani ya mmea uitwao dijitali, aliyoieleza tabibu William Withering katika kitabu chake cha mwaka 1785. Naye alikiri kwamba asili yake ilikuwa dawa ya siri ya mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire. Jina la yule mama hakuliandika. Wala hapana aliyeyaandika majina ya mafundi wa Shire na wa nyika ya Malindi, ambao vizazi kwa vizazi walijua ni mti upi, ni sehemu ipi, na ni moto wa muda gani. Nalo lanihuzunisha jambo jingine: maarifa yaliyotukuzwa Ulaya yalikuwa hatia kwetu, kwani Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, na hasa katika msako wa mwaka 1956 na 1957, Waata wengi walitiwa gerezani kwa uwindaji. Sikatai kwamba tembo walikuwa wakiteketea, na pembe zikinunuliwa na watu wasioshika uta. Nasema tu ya kuwa mwenye elimu hii alikuwa na haki ya kuulizwa kabla ya kufungwa.

Na inavyofanya kazi mwilini ni hivi. Katika ukuta wa kila seli ya moyo mna pampu ndogo mno, itoayo sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, pasipo kupumzika usiku wala mchana. Mdenmarki Jens Skou, aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya kaa, alihakikisha ndiyo kwa kutumia wabaini, sumu ile ile, kwa kuwa huizuia pampu isifanye kazi. Na mwaka 1997 alipewa tuzo ya Nobel. Pampu ikizuiwa kidogo, sodiamu hubaki ndani, kalisiamu huzidi, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu: hiyo ndiyo dawa. Ikizuiwa sana, mapigo hupungua kisha hupotea mpangilio, yakaruka na kugongana. Mgonjwa hushikwa na kichefuchefu na kutapika, hulegea, na mwishowe moyo husimama. Baina ya kipimo kiponyacho na kiuacho nafasi ni nyembamba, na ndiyo sababu hata digoksini, dawa ya jamii hii ambayo wagonjwa wa moyo humeza hata leo, haipasi kuongezwa hata kidonge kimoja bila amri ya daktari.

Si binadamu peke yake aliyeivumbua silaha hii. Yuko panya mkubwa wa nchi zetu, mwenye singa ndefu nyeusi na nyeupe, ambaye hutafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yake ubavuni, mahali penye nywele zilizo wazi kama utambi, ziinyonyazo sumu. Mbwa amng'ataye huugua, na mara nyingi hufa. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2012 na mtaalamu wa wanyama Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora, pamoja na wenziwe.

Kwa muda mrefu sumu hii haikuwa na dawa ya kutumainiwa, na ule ukanda wa ngozi ndio uliokuwa ulinzi. Leo tabibu hufuatiliza mapigo kwa mashine, hupima potasiamu katika damu, hutoa atropini moyo uendapo polepole, na kwa aliyemeza humpa makaa maalumu ya hospitali yanasayo sumu tumboni. Lakini dawa iliyo hasa ilitoka kwa kondoo: walidungwa digoksini iliyoambatishwa na protini hata damu yao ikatengeneza kingamwili za kuikamata, na vipande vya kingamwili hizo, vikitiwa katika mshipa wa mgonjwa, huinasa sumu na kuipeleka kwenye figo itoke kwa mkojo. Mgonjwa wa kwanza aliokolewa hivyo Marekani, na habari yake ikachapishwa mwaka 1976. Huko Sri Lanka, ambako sumu ya oleanda ya manjano, mti upandwao hata katika nyua za miji yetu, imeua watu wengi, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha ya kuwa dawa hiyo huurudisha moyo katika mwendo wake. Ila ni ghali mno, na hospitali nyingi za nchi maskini hazinayo.

Basi wewe ukaaye penye msunguti au oleanda, wafundishe watoto kuijua miti hiyo kwa majina na kwa sura. Na akitokea mmoja ametafuna jani, mbegu au tunda bichi, usimtapishe kwa nguvu wala usingoje uone dalili: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukate tawi la mti aliokula uende nalo, kwa maana tabibu ayaonaye majani hupoteza muda mchache kuliko yule abahatishaye.